Nusu ya Shahada

Nilikuwa nimesuka. Nani husuka nywele kwa sababu anaenda kuchagua masomo ya chuo? Mimi hapa, Nzembi binti Kavoi. Jumamosi hiyo nilitoka kwetu Kawangware 46 kwa miguu nikiwa na nywele mpya, blauzi ya bluu ambayo Ian aliwahi kuisifu mara moja tu akakoma kwa sababu niliivaa wiki nzima, na furaha ya kijinga moyoni. Usajili wa masomo ya mwaka wa tatu ulikuwa unafungwa jioni hiyo. Wenzetu walikuwa wameshachagua wakiwa wamelala kitandani, simu mkononi, kama watu wanaoagiza chipsi. Sisi wawili hatukuweza kuchagua hivyo.

Ian Opondo alikuwa mpenzi wangu tangu mwaka wa kwanza, na tulisoma pamoja shahada ya hisabati. Shida ni kwamba sote tulikuwa na kazi. Mimi nilimsaidia mama kuuza nguo za mitumba, naye alimsaidia kaka yake Nashon kuchomelea mageti na madirisha pale Kambi Muru, Kibera. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kufika darasani kila siku. Ndipo tukagawana chuo. Ian ahudhurie aljebra zote, mimi nihudhurie kalkulasi na mambo ya takwimu, kisha jioni tukutane kwenye karakana ya Nashon, kila mmoja amfundishe mwenzake. Karatasi ya mahudhurio tulisainiana, Mungu atusamehe. Ubao wetu ulikuwa geti lolote ambalo bado halijapakwa rangi, na chaki tulimwibia Nashon, ile anayochorea vyuma kabla ya kuvikata. Kuna matajiri wa Nairobi hii wanaolala nyuma ya mageti yaliyowahi kuandikwa matrix za Ian, na hawajui.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nilifundishwa aljebra na nani, siwezi kumtaja mhadhiri. Sikumwona hata sura. Aljebra yote niliyo nayo iliniingia kwa sauti ya Ian, sauti ya polepole inayorudia jambo bila kukuchoka, na niliipenda kuliko somo lingine lolote. Naye alikuwa akisema kwamba kalkulasi inanukia mafuta yangu ya nywele.

Nilipofika, Nashon ndiye aliyeniona kwanza. Aliinua ile miwani yake myeusi ya kuchomelea akapiga mluzi.

"Shem! Leo umetokea kwa TV ama?"

"Mwambie ndugu yako," nikajibu kwa maringo.

Ian alikuwa ameketi kwenye benchi letu, nyuma kabisa, ameinamia simu. Aliniangalia, akaangalia chini upesi.

"Niaje, Nzembi."

Nikasimama. Miaka yote hiyo aliniita Nze. Hili jina zima zima la leo lilikuwa kama la mwalimu anayeita rejista.

"Poa. Nywele je?"

"Ziko sawa."

"Ziko sawa! Ian, nimekaliwa na msusi tangu asubuhi, kichwa yote inaniuma, na wewe unaniambia ziko sawa?"

Hapo ndipo aliponitazama. Lakini hakuwa akiziangalia nywele. Alinikodolea macho ya mtu aliyeshtuka.

"Inauma aje? Tangu lini?"

"Ni nywele, wewe! Zimevutwa. Ama hujawahi kuona msichana amesuka?"

Akapumua, akasogea niketi. Lakini alisogea sana, akaacha nafasi ya mtu mwingine katikati yetu. Niliiona ile nafasi. Nikajisemea labda amechoka, na wanaume wakichoka huwa hivyo, wanakaa kama wageni kwa makao yao wenyewe. Nikatoa simu nikaingia kwenye tovuti ya chuo.

"Haya, tugawane. Group Theory na Ring Theory utaingia wewe. Real Analysis na Probability ya pili nitaenda mimi. Hiyo Sampling nani anaitaka?"

"Wewe chukua Sampling."

"Sawa. Na Group Theory..."

"Wachana na Group Theory. Chukua Stats yote. Probability, Sampling, Regression, Time Series. Real Analysis ni lazima, lakini hiyo itakuwa rahisi kwako."

Nikacheka. "Tuchukue Stats? Wewe? Uliapa hutawahi kuhesabu watu."

"Si sisi. Wewe. Mimi naingia Pure, ile ya aljebra."

Nashon alikuwa anachomelea upande wa barabarani, na cheche zake zilikuwa zikimulika uso wa Ian na kuuacha. Nilingoja atabasamu. Ian alikuwa na mzaha wa aina hiyo, wa kukaza uso kwanza. Hakutabasamu.

"Sasa tutagawana nini?" nikauliza. "Mimi nikiwa Stats na wewe Pure, nitakufundisha nini jioni?"

"Hutanifundisha."

"Na wewe?"

"Nze," akasema, sasa jina langu limemtoka bila kupenda, "si kila mtu aende class yake tu. Mwaka wa tatu ni ngumu. Tutaangushana."

Nina ulimi mkali, kila mtu Kawangware anajua, na ninapoumia ndipo unapochongoka zaidi. Nilisimama.

"Ni Mitchelle?"

"Mitchelle gani?"

"Kwani wako wangapi? Yule kiongozi wa darasa, yule wa Pure, yule anakupigia simu ati amepoteza notes. Msichana anapoteza notes kila wiki, Ian! Ako na panya kwa nyumba?"

"Nzembi, si Mitchelle."

"Basi niambie jina. Nimetembea kutoka 46 hadi hapa na hivi viatu. Mtu aliyetembea hivyo akifukuzwa, angalau huambiwa jina."

"Hakuna jina. Hakuna msichana. Nilienda kwenu Jumatano."

Nikaketi tena. Kwetu? Ian hakuwa amewahi kukanyaga kwetu. Alikuwa akinisindikiza hadi kona ya mwisho, ananishika vidole viwili, anarudi.

"Ulienda kwetu kufanya nini?"

"Kujulikana. Nilibeba sukari na majani chai. Nilitaka iwe surprise. Nilikuwa nataka tukianza mwaka wa tatu, nikufikishe hadi mlangoni."

Aliniambia yote hapo, macho yake yakiwa kwenye mikono yake yenye alama za kuungua. Baba yangu ni fundi wa kushona viti. Ian alimkuta nje ya kibanda chake, naye baba akamkaribisha kwenye kochi la mteja lililokuwa bado halijavalishwa kitambaa, akaagiza chai. Hakumtukana. Ningetamani angemtukana, ingekuwa rahisi.

"Alisema hana shida na mimi. Hana shida na watu wetu. Akasema, 'Lakini kijana, watu wananiuliza kila siku huyu wanayemwona na binti yangu ni wa nani. Leta mbuzi wa ntheo kama sisi Wakamba tunavyofanya, ijulikane msichana ana mwenyewe. Harusi ingoje shahada, sina haraka. Lakini kama huwezi kuleta, mwache asome. Nipe jibu kabla chuo kifunguliwe.'"

"Baba hajaniambia hata neno moja!"

"Nilimwomba asikuambie. Nilijua nitaleta."

"Si basi ulete? Si ni mbuzi tu, Ian? Tutatafuta."

"Si mbuzi. Mbuzi, Nashon alisema siku hiyo hiyo atanisaidia. Ni Mathe."

Mathe ni Filister, mama yao. Ni mama mpole anayekaa Soweto West, hapo hapo Kibera, na mimi ananiita "nyathina," mtoto wangu, na kila nikimtembelea lazima anipakulie samaki hata kama nimeshiba. Nilipomfikiria huyo mama nikaona hapa hakuna jambo la kutisha. Nikakosea.

"Mathe amekataa Mkamba?"

"Angekataa Mkamba ningegombana naye. Anakupenda wewe kuliko mimi. Amesema Nashon bado hajaoa, na mimi ndiye mdogo. Siwezi kumruka."

Nilijua desturi hiyo kwa kusikia tu. Kwao, ndugu mdogo hatangulii kuoa. Akitangulia, huleta chira, laana ya mtu aliyevunja utaratibu wa nyumba yao, na inasemekana haikai bila kumpata mtu.

"Kwa hivyo hata kwenu kuna prerequisite, Nashon kwanza ndio wewe," nikasema.

Tulicheka sote wawili. Kicheko kilikatika katikati, kikatuacha tunatazamana, na niliona macho ya Ian yamejaa.

Karakana ilikuwa kimya. Sijui Nashon alikuwa amezima mashine tangu lini. Alikuwa amesimama palepale, miwani juu ya kipaji, anajifanya anatafuta kitu sakafuni. Mimi sina haya nikiwa nimekata tamaa. Nilimgeukia.

"Bro Nashon. Wewe utaoa lini?"

"Nze!" Ian akanishika mkono.

"Wacha. Nataka kujua. Bro, utaoa lini?"

Nashon aliketi juu ya debe la rangi. Ni mwanaume mkubwa, mwenye mabega ya kubeba geti peke yake, lakini siku hiyo alikaa kama aliyetumwa kwa mkubwa wa shule.

"Shem, mimi kwa roho yangu nilishaoa," akasema. "Nilioa Everlyne."

Everlyne nilimjua. Alikuwa akitupikia chai tukisoma, na alikuwa akimwambia Ian asiniandikie hesabu ngumu jioni kwa sababu sitalala. Waliishi na Nashon kama mke na mume. Nashon alikuwa anajipanga aende kwao kutoa mahari, kila mara anasema mwezi ujao. Mwaka wetu wa pili Everlyne aliumwa kichwa asubuhi, akapelekwa hospitali, akafa kabla ya wiki kuisha. Watu wa kwao Everlyne walikuja kuchukua mwili wakaenda kumzika kwao, kwa sababu kwao hakuna aliyekuwa amebisha hodi. Kwa desturi, Nashon hakuwa mume. Alisimama kwenye maziko kama jirani.

"Nimejaribu, shem. Mathe amenitafutia watu wawili. Wazuri tu. Nikiwaangalia naona vile ninawakosea. Nilimwambia huyu mdogo wangu aende, nimemruhusu, mimi mwenyewe nitabeba hiyo chira. Mathe akalia hadi majirani wakaingia."

"Watu walimwambia Mathe kwamba Everlyne alikufa kwa sababu Nashon alimweka kwa nyumba kabla hajaenda kwao," Ian akasema. "Alisikia hiyo kitu kwa matanga yote. Sasa anaogopa. Anasema, 'Nimeshampoteza mmoja, na hata kumzika sikumzika.'"

"Na wewe? Wewe mtu wa proof, Ian. Wewe huwezi kukubali hata two ni even bila kuandika. Unaamini hiyo?"

"Siamini."

"Basi?"

"Siamini leo. Lakini wanasema anayeumia ni bibi. Si mwanaume aliyevunja, ni bibi. Na siku ile utaniambia kichwa inakuuma, Nze, nitaamini. Hapo tu, nitaamini yote. Umeniambia saa hii, ukiongea mambo ya nywele, nikaamini."

Ningeweza kushindana na mama yake, ningeweza kushindana na baba yangu na mbuzi wake, hata Mitchelle na panya zake. Lakini nitashindana vipi na mwanaume anayeogopa kichwa changu kisiume?

"Tukae hivi hivi," nikasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. "Tusioane. Tukae tu, tusome. Baba nitamtuliza."

"Hadi lini? Nashon aoe lini? Utakuwa unamdanganya mzee wako, na mimi namdanganya mathe. Everlyne na Nashon walikaa tu hivyo hivyo."

Nashon alinyanyuka akatoka nje, akasimama barabarani na kutupa mgongo.

Nikaichukua simu yangu, nipate mahali pa kuangalia. Masomo yalikuwa bado yamejipanga pale yakingoja. Probability, Sampling, Regression, Time Series. Niliyasoma mara ya pili. Ndipo nilipoelewa alichokuwa amefanya, na naapa kwamba hilo liliniuma kuliko mambo ya chira.

"Haya umeniambia nichukue," nikasema, "hayataki aljebra."

Akainama, akakwangua kutu kwenye benchi kwa ukucha.

"Yote yanasimama kwa vitu nilienda class mimi mwenyewe. Umekaa chini, ukapitia masomo ya mwaka mzima moja moja, ukatoa kila kitu ulinifundisha wewe."

"Regression iko na matrix kidogo," akasema akijikaza. "Lakini hizo unazijua vizuri. Sikutaka ufeli, Nze. Nikikuacha kwa Group Theory na mimi sipo jioni, utafeli, na itakuwa juu yangu. Hii njia unaweza kumaliza bila mimi."

"Umenipangia kozi isiyokuhitaji."

"Ndiyo."

"Uliipanga lini?"

"Tangu Jumatano. Sijalala."

Nilimpiga. Nilimpiga begani kwa ngumi, kisha nikampiga tena, naye akaniacha nimpige, na kipigo cha tatu hakikuwa kipigo tena kwa sababu alishakuwa amenishika na mimi nimeuficha uso kwenye shati lake linalonuka moshi wa chuma. Nililia hadi shati likalowa. Wapita njia waliona, na kwa mara ya kwanza maishani sikujali Kambi Muru wataongea nini.

Nilipopata pumzi nikajitoa mikononi mwake. Nikafuta macho. Nikaishika simu na kuanza kubonyeza.

"Unafanya nini?"

"Najisajili. Group Theory. Ring Theory."

"Nze, hapana."

"Ulichagua kuniacha, hiyo ni yako. Mama yako anaogopa, sina neno. Lakini aljebra ni yangu. Wewe ulinipa, na hurudishiwi. Nitaenda class mwenyewe, niketi mbele, nimwone huyo mhadhiri ana sura gani."

Nikabonyeza neno la mwisho. Skrini ikafikiri kidogo, kisha ikaniambia usajili umekamilika. Yeye naye alisajili yake, kimya kimya, mbele yangu. Tungekuwa darasa moja, safu tofauti. Ndicho tulichobakisha.

"Group Theory itakusumbua," akasema baadaye. Alikuwa amerudi kwenye sauti yake ya kufundisha, kwa sababu ndiyo sauti aliyoweza kuitegemea. "Wanaanza na cosets, zile za mwaka jana, na hizo sikukufundisha. Ilikuwa wiki ile ya Everlyne. Hukujibu hata swali lake kwa mtihani."

"Basi nifundishe."

"Saa hii?"

"Utanifundisha lini tena?"

Akaokota chaki. Kulikuwa na geti jeusi limeegemezwa ukutani, chuma kitupu bado bila rangi, na akaanza kuandika juu yake. Herufi za kwanza zilikwenda upande, kisha hesabu ikamtuliza, kama ilivyokuwa ikifanya siku zote.

"Hii ndiyo group, iite G. Ndani yake kuna subgroup, H. Ukichukua mtu mmoja wa G, mwite a, ukamzidisha na kila mtu wa H, unapata coset. Ukichukua mwingine, b, unapata coset ingine. Uko na mimi?"

"Niko."

"Sasa hii ndiyo kitu unafaa kushika. Coset mbili, either ni kitu kimoja kabisa, ama hazina chochote pamoja. Hakuna katikati. Haziwezi kushare kidogo."

"Hata kidogo?"

"Hata mtu mmoja. Tunaprove hivi. Tuseme zinashare mtu mmoja tu. Mmoja peke yake, mwite x..."

Chaki ilisimama. Aliikazia macho ile herufi aliyoiandika, mgongo wake kwangu, na mabega yakaanza kutikisika. Nilitamani kuinuka. Sikuinuka. Nilijua nikiinuka hatutamaliza, na tusipomaliza nitakuwa nimekosa hata hili.

"Endelea," nikamwambia. "Zinashare x."

Akajifuta kwa mkono wenye chaki, akabaki na mstari mweupe shavuni.

"Basi x ni a mara h. Na pia ni b mara k. Kwa hivyo a ni b mara k mara inverse ya h. Na k na inverse ya h ziko ndani ya H. Kwa hivyo a iko ndani ya coset ya b, na akiingia yeye, wote wanaingia. Ukishare mmoja, umeshare wote."

Aliweka chaki chini. Jua lilikuwa limelala kwenye mabati ya upande wa pili, na Nashon alikuwa bado amesimama barabarani, hajageuka. Hoja ilikuwa imeandikwa yote, fupi, safi, kila mstari umeshikana na wenzake. Niliiona kuanzia juu hadi chini. Sikuwahi kuelewa kitu maishani mwangu vizuri vile.

"Umeshika?" Ian akaniuliza.

"Bado," nikamwambia. "Anza tena mwanzo."

Alinitazama usoni. Alikuwa amenifundisha tangu mwaka wa kwanza na aliujua uso wangu ukishaelewa. Akachukua kitambaa, akapangusa geti lote, akaanza tena.

"Hii ndiyo group. Iite G."